Kabla ya Julai 1954: safari ya Majengo hadi Ngarenanyuki

Jumapili, Mombasa

Safari hii natafuta yaliyotangulia TANU, chama cha uhuru wa Tanganyika kilichoundwa Julai 1954: migomo na ugomvi wa ardhi wa miaka tisa kabla yake. Majengo ukiuliza habari za kiwanja, watu wanakudhania dalali. Mama wa mahamri niliyemuuliza Kiwanja cha Maskini kilikuwa upande gani alinitazama viatu kwanza, kisha akasema, "Wataka kununua ama kuuza?" Nilipomweleza kwamba natafuta habari za mgomo wa zamani akacheka, akanifungia mahamri na mbaazi, akanielekeza kwa mzee mmoja nyuma ya msikiti. "Huyo ndiye mwenye maneno ya kale. Nenda ukiwa umeshiba."

Ushauri mzuri. Mzee amezaliwa baada ya mgomo wenyewe, lakini babake alikuwa kuli wa bandari ya Kilindini, na nyumba yao ilikula na kulala na hadithi hizo.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka kazi chini. Watu wengi huuita mgomo wa makuli. Kweli makuli walikuwa wengi, lakini siku ile reli nayo ilisimama, hoteli zikakosa wapishi, na maboi wa Uzunguni hawakwenda kuwasha majiko. Kila siku umati ulikutana Kiwanja cha Maskini, ukasikiliza, ukabishana, ukaamua kama kesho ni mgomo tena. Katika mikutano hiyo ya uwanjani ndimo kilimozaliwa chama, African Workers' Federation, na kijana Chege Kibachia akawa kiongozi wake.

Mgomo ulidumu siku 12. Aliyekuja kuwasihi warudi kazini ni Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Kenya mwaka 1944, akiwa na ahadi kwamba habari ya mishahara itachunguzwa. Ilichunguzwa, na nyongeza ikatoka. Ila Agosti mwaka huo huo Kibachia akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Kabarnet, Baringo, mbali na bahari na mbali na makuli. Shilingi zilitoka, msemaji akaondolewa. Naomba msomaji aushike mtindo huo, maana tutakutana nao tena mbele ya safari.

Mzee hakutaka sana kuongea habari za viongozi. Alitaka nione nyumba. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, kila mlango na kufuli lake. Ukutani karibu na mlango wa mbele zimepangwa mita za umeme kama vijidirisha, moja kwa kila mpangaji. "Wakati wa babangu," alisema, "chumba kama hiki walala wanaume watano. Anayetoka zamu ya usiku aja kumwamsha mwenziwe, alale mahali pake, kitanda bado kina moto." Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeijaza Mombasa watu, meli na bei. Nguo zilikuwa adimu, chakula ghali, kodi ya nyumba inapanda, na mshahara ulikuwa ule ule wa kumfanya mtu aishi mjini kama mgeni ambaye mke na watoto wanalishwa na shamba la bara. Hesabu ya mwajiri ilikuwa hiyo: kuli ni mtu wa kupita. Alichodai kuli wa 1947 ni kuhesabiwa kuwa mkaazi.

Kiwanja chenyewe nilionyeshwa. Sikuona kibao wala jiwe la kumbukumbu.

Jumatatu, njiani

Kivuko cha Likoni asubuhi, basi, Lunga Lunga, Horohoro. Mihuri miwili, jengo moja, foleni ya wenye magunia na foleni ya wenye pasi, na zote mbili hazisogei.

Nikiwa kwenye foleni nilikuwa nikiwaza jinsi mpaka huu ulivyokuwa mwepesi kwa kuli wa miaka ile. Sarafu ilikuwa moja, shilingi ya Afrika Mashariki, na kuanzia mwaka 1948 hata reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa shirika moja. Wakoloni walijenga umoja huo kwa ajili ya mizigo yao. Habari nazo zikaupandia. Nyongeza iliyotolewa Kilindini ilijulikana Dar kwa mdomo wa mabaharia.

Baada ya Tanga mkonge unaanza, mistari mirefu iliyonyooka hadi macho yachoke. Miaka ya baada ya vita ilikuwa ya neema kwa mwenye shamba. Ufilipino na Java zilikuwa zimeangukia mikononi mwa Wajapani, dunia ikakosa kamba, na bei ya mkonge wa Tanganyika ikapaa. Wakataji waliletwa kutoka mbali, na mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi maalumu ya kuwasaka, SILABU. Vita vilipokuwa vikali serikali ilifika mahali pa kuwalazimisha watu kwenda kukata. Jirani yangu wa siti, mama wa makamo anayekwenda Segera, aliposikia nataja manamba, vibarua hao wa mkataba, akadakia: "Babu yetu alikuja hivyo kutoka Songea, mwanangu. Alisema anakuja kutafuta kodi. Ndiyo sisi hapa."

Chalinze usiku, Dar usiku zaidi.

Jumanne, Dar es Salaam

Nimeshinda kwa miguu, kutoka lango la bandari hadi Kariakoo na kurudi Mnazi Mmoja, jambo ambalo halipendekezwi kwa mtu mwenye akili timamu saa saba mchana.

Mgomo wa Dar ulianza bandarini tarehe 6 Septemba 1947, miezi minane tu baada ya Mombasa. Ndani ya siku chache wafanyakazi wa reli nao wakatoka, na kwa kuwa reli haina pa kujificha, mgomo ukapanda nayo: Morogoro, Dodoma, Tabora. Serikali iliyozoea kushughulika na machifu mmoja mmoja ilijikuta inashughulika na njia nzima kwa mpigo. Makuli walipata nyongeza kubwa, kisha wakaunda chama chao. Mwaka 1948 katibu wake akawa Abdulwahid Sykes, aliyezaliwa mwaka 1924 na kurudi kutoka vitani Burma akiwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki. Mwaka 1950 mgomo mwingine ukazuka, safari hii kukawa na vurugu na risasi. Viongozi wakashtakiwa, na chama kikavunjwa. Huo ndio mtindo wa Mombasa, tena kwa ukubwa zaidi.

Hapa nina neno kuhusu Burma. Siku hizi kila simulizi ya uhuru lazima ipite kwenye msitu wa Burma, askari wa KAR akimwona Mzungu anaogopa, anakimbia, anakufa, naye anarudi nyumbani na siri hiyo mfukoni. Iko kweli ndani yake. Lakini tusimtwishe kila askari bendera. Walikuwa maelfu kwa maelfu, na wengi wao wakishavua kombati walinunua ng'ombe, wakaoa, wakafungua viduka vya sabuni na chumvi, wakataka kuachwa na amani yao. Waliogeukia siasa walikuwa wachache, nao kwa kawaida walikuwa watu wa mjini, wenye kusoma na kuandika, wenye baba waliokuwa kwenye vyama tangu zamani. Kleist, babake Abdulwahid, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Association mwaka 1929. Burma iliwaongezea ujasiri watu waliokuwa tayari wana ofisi, kiti na kabati la mafaili.

Ofisi hiyo ya African Association ilikuwa New Street, leo Mtaa wa Lumumba. Jengo la sasa ni jingine na lina bendera ya CCM juu yake. Nilimuuliza kijana anayeuza vifuniko vya simu mbele ya lango kama anajua palikuwa na nini kabla ya TANU. "Kabla ya TANU?" alisema, "Kabla ya TANU si palikuwa na Wajerumani?"

Sikumcheka, maana hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Wajerumani, Waingereza, halafu tarehe 7 Julai 1954 kama radi. Katikati hapo mna miaka tisa tunairuka kama dimbwi. Miaka hiyo ndiyo yenye kazi ya kweli. Mwaka 1945 machifu wawili, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali, waliteuliwa kuwa Waafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Desemba 1946 Tanganyika ikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na kwa hilo kila mwananchi akapata jambo ambalo Mkenya wa koloni hakuwa nalo: mlango wa kumshtakia Mwingereza nje ya nyumba ya Mwingereza. Mwaka 1950 chama kile cha New Street, sasa kikiitwa Tanganyika African Association, TAA, kiliunda kamati ya siasa. Ndani yake alikuwamo daktari Vedasto Kyaruzi, rais wa chama, Abdulwahid Sykes, Sheikh Hassan bin Amir, Hamza Mwapachu, John Rupia na wengine, wakaandika mapendekezo yao ya katiba na kuyapeleka serikalini. Mwalimu Nyerere alipochaguliwa kuwa rais wa TAA mwaka 1953 alikuta nyumba ina watu na moto unawaka. Kusema hivyo hakumpunguzii kitu. Kunawaongezea wengine.

Jioni nimekula chipsi mayai na kulala mapema.

Jumatano, Unguja

Boti ya asubuhi, bahari tulivu. Malindi ukishuka unakutana na wachukuzi kabla ya kukutana na uhamiaji, na wachukuzi ndio niliowajia.

Hapa mgomo ulianza Agosti 1948, kwa makuli wa kampuni ya African Wharfage. Ndani ya wiki chache ukawa mgomo wa mji mzima. Sababu zilikuwa ndugu wa zile za bara: chakula kilipanda, kodi za nyumba za Ng'ambo, mtaa wa wafanyakazi, zikapanda, na watu walikuwa wamesikia wenzao wa Mombasa na Dar wamepata. Kitu cha peke yake cha Unguja ni mgao. Wakati wa vita na baada yake chakula kiligawiwa kwa kadi, na kadi ilifuata kabila. Huyu ameandikwa hivi, anastahili mchele. Yule ameandikwa vile, atapewa unga. Mtu aliyeishi maisha yake yote bila kujali sana anaitwa nani akajikuta jina la kabila lake lina uzito wa kibaba. Sidhani kama siasa za visiwani za miaka ya hamsini zinaelezeka bila ile kadi, ingawa wapo watakaotaka kuzianzia mbali zaidi.

Mchukuzi mmoja wa Malindi, mtu wa miaka kama sitini, alinisikiliza kwa subira kisha akasema mgomo haujui, anachokijua yeye ni Vita vya Ng'ombe, kwani bibi yake alikuwa wa Kiembe Samaki. "Panda 505 uende. Lakini kumegeuka, usitarajie."

Nilipanda 505. Daladala inakwenda uwanja wa ndege, na uwanja huo wenyewe ni sehemu ya kisa. Wakulima wa Kiembe Samaki walikuwa na kinyongo cha ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya kiwanja. Juu ya kinyongo hicho serikali ikaja na amri ya chanjo na majosho ya ng'ombe kwa ajili ya kimeta. Wakulima wakasema ng'ombe wetu hawana kimeta, na dawa yenu inaua. Waliokataa wakashtakiwa. Tarehe 30 Julai 1951 umati ukaenda kuwakomboa waliofungwa, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Ofisini likaandikwa kuwa fujo. Shamba wakasema vita, na jina la shamba ndilo lililobaki.

Kutokana na moto huo kikazaliwa chama cha wakulima cha utaifa wa raia wa Sultani, ambacho baadaye kiligeuka kuwa Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party, ZNP. Tazama basi mzunguko huu. Chama ambacho wapinzani wake walikuja kukiita cha Waarabu kilianza kwa wakulima wa Kiunguja waliokuwa wanagombea ndama. Ukilisema hili barazani leo utapata kahawa ya kwanza bure na ya pili utajinunulia mwenyewe.

Ng'ombe sikuona. Nimeona maduka ya vifaa vya ujenzi, hoteli za wasafiri, na ndege moja ya watalii ikishuka chini sana juu ya mapaa.

Alhamisi, reli

Treni ya umeme Dar hadi Dodoma. Baridi ya kiyoyozi, watoto wamebandika pua kwenye kioo, mhudumu anauza karanga kwenye pakiti (nilinunua, kwa heshima ya kesho).

Karibu na Morogoro, upande wa Kingolwira, niliacha kusoma nikatazama nje. Dk. Kyaruzi alihamishiwa hapa, kwenye hospitali ya gereza, mara tu siasa zake za New Street zilipoanza kuonekana kuwa za kweli. Baadaye akasogezwa mbali zaidi, Nzega. Kibachia alipewa Kabarnet, Kyaruzi akapewa barua ya uhamisho wa kikazi. Mtumishi wa serikali huwezi kuikataa, na hakuna gazeti litakaloandika kwamba daktari amehamishwa kituo.

Ijumaa, Kongwa

Kutoka Dodoma unarudi nyuma kidogo kwa barabara ya Morogoro, unakunja Mbande, na nchi inafunguka: tambarare, kahawia, mibuyu imesimama kila mmoja kivyake. Ni kiangazi. Upepo unabeba vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye meno.

Nilikuwa na hamu na Kongwa kuliko mahali pengine pote, kwa sababu hapa ndipo njaa ya Uingereza ilipokuja kutafuta chakula. Tunasahau kwamba washindi wa vita walirudi nyumbani wakiwa maskini. Mkate, ambao Waingereza hawakuugawa kwa kadi hata wakati wa mabomu, waliugawa kwa kadi mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Mafuta ya kula yalikuwa haba, na dola za kuyanunulia haba zaidi. Frank Samuel wa United Africa Company, tanzu ya Unilever, watu wa siagi ya mimea na sabuni, akatoa wazo: Tanganyika ina nchi tupu, ilimwe karanga. Tume ya John Wakefield ikaja mwaka 1946, ikazunguka kwa muda mfupi, sehemu kubwa ikitazama kutoka angani, ikasema inawezekana. Mpango ukawa ekari milioni 3 na robo, nyingi Tanganyika, kwa takriban pauni milioni 25, na Waziri wa Chakula John Strachey akausimamia.

Nchi tupu! Mwenyeji wangu, mkulima wa Kigogo aliyenikaribisha uani kwake, alilirudia neno hilo mara mbili kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonja kitu asichokijua. Kisha akainuka.

"Njoo nikuonyeshe, mwalimu." (Mimi si mwalimu. Mtu mwenye daftari huku ni mwalimu.)

Alinipeleka shambani, hatua chache nyuma ya zizi, akachukua jembe la mkono lililolika hadi kubaki nusu, akalipandisha juu ya bega na kulishusha kwa nguvu zake zote. Lililia. Halikuingia. Liliacha alama nyeupe kama kucha, na cheche ndogo ya mawe. Akainama akaokota kipande kilichobanduka, akanipa nikishike. Kizito, chekundu, kingo zake zinakata. Ndani yake punje za mchanga zinang'aa. "Mvua ikinyesha, hiki ni uji. Ikikatika wiki mbili, ni tofali. Karanga inataka kuzaa ndani ya ardhi. Sasa itazaa humu? Na ikizaa, utaitoaje?"

Katika dakika tano nilikuwa nimeelezwa kilichowashinda wataalamu. Punje zile za mchanga zilisaga chuma cha majembe ya matrekta. Mizizi ya vichaka iliwarudisha nyuma, mibuyu ikakataa kusukumwa, nyuki wakatoka ndani ya mibuyu. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya jeshi la Marekani yaliyonunuliwa Ufilipino, yamechoka kabla ya kufika. Mengine, yaliyoitwa Shervick, yalitengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman: vita vilikwisha, kifaru kikatumwa kulima. Mto Kinyasungwe ukafurika na kuichukua reli iliyokuwa ilete vifaa. (Reli ya zamani ya Kilosa hadi Gulwe inaendelea kuchukuliwa na maji mpaka zama zetu.) Mwaka 1947 walikusudia ekari 150,000. Walipata kama 7,500. Januari 1951 mpango ukafutwa, na pauni milioni 36 zikawa zimezama.

Hadithi ya kuchekwa, na Waingereza wenyewe wameicheka vya kutosha. Ila mimi nadhani kicheko hicho kimeficha jambo. Kongwa ililetewa maelfu ya vibarua kutoka kila upande wa Tanganyika, na miongoni mwao madereva na mafundi waliojifunza kazi jeshini. Waliokutana hapa hawakuwa na chifu mmoja, lugha yao ya kambini ilikuwa Kiswahili, na kazi yao ilikuwa ya serikali ya Uingereza yenyewe waziwazi. Mgomo wa Dar wa Septemba 1947 ulipopanda na reli, Kongwa nayo iligoma. Hapo Uingereza ilikuwa imekuja kujiokoa na njaa, na tayari ilikuwa imetengeneza, kwa fedha yake, kijiji cha wafanyakazi wanaojua kugoma.

Mafuta hayakupatikana, na Waingereza waliendelea kula kwa kadi. Kadi ya mwisho, ya nyama, ilifutwa tarehe 4 Julai 1954. Siku tatu baadaye, New Street, TANU ikaundwa. Sidai kwamba moja lilizaa lingine, nimeziona tarehe hizo zimekaa jirani tu.

Mji wa leo wa Kongwa unajulikana kwa mengine. Kuna ranchi ya taifa, kuna soko la nafaka la Kibaigwa barabarani, na kuna makambi ya zamani ya wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia na wengineo waliokaribishwa hapa miaka ya sitini. Wakati wa kuaga, mke wa mwenyeji wangu alinijazia karanga kwenye mfuko wa plastiki. Zinalimwa. Anazilima yeye, kipande kidogo chenye mchanga karibu na korongo, anapanda mvua ya kwanza, anang'oa kabla ardhi haijafunga. "Za kula nyumbani na kuuza kidogo," alisema. "Nyingi za nini?"

Jumamosi

Dodoma, Kondoa, Babati, Arusha. Basi, lami, muziki wa injili kwa sauti kubwa, Mlima Hanang umejifunika. Sina la kuandika.

Jumapili, Ngarenanyuki

Kutoka Usa River unaacha migomba na kahawa, unapita ndani ya hifadhi ya Arusha ambako nyati anaweza kusimamisha gari la abiria, kisha unatoka upande wa pili wa Mlima Meru ambao mvua haiupendi. Nchi kavu, majivu ya zamani ya mlima, na katikati yake mifereji ya maji na mashamba ya nyanya na vitunguu ya kijani kibichi. Watu wanatoka kanisani. Wengi wana meno ya kahawia, alama ya floridi iliyo katika maji ya huku. Mgeni anaambiwa anywe ya chupa, mwenyeji hana nafasi ya kuchagua.

Kwa ajili ya ardhi hii Wameru walikwenda New York.

Jaji Mark Wilson alikuwa amepewa kazi ya kupanga upya ardhi ya Arusha na Moshi baada ya vita, na pendekezo lake lilikuwa kwamba ukanda kati ya Meru na Kilimanjaro uwe wa Wazungu mfululizo, bila Wameru katikati. Tarehe 17 Novemba 1951 polisi wakaanza kuwahamisha watu wapatao 3,000 wa Engare Nanyuki ili kupisha mashamba 13 ya mifugo ya walowezi. Wameru hawakupigana. Walikaa chini, wakakataa kubeba hata sufuria kwa mikono yao wenyewe. Aliyetaka watoke awabebe. Nyumba zikabomolewa na kuchomwa mbele yao. Walipoonyeshwa ardhi ya King'ori badala yake, wengi wakakataa kuigusa.

Nilikaa na mzee mmoja wa kanisa na dada yake, wote wawili walikuwa wadogo mwaka ule. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Umekuja kwa ajili ya Kirilo," alisema, hata hakuuliza. Dada yake alikumbuka zaidi kuliko yeye. Alikumbuka mama yao ameketi juu ya kinu, miguu ameikunja, na askari mmoja Mwafrika akimbembeleza kwa Kiswahili ainuke ili amri itimizwe. "Alikuwa anamwita mama. Mama, tafadhali mama. Mama akamwambia, kama mimi ni mama yako, nibebe." Walimbeba, yeye na kinu.

Umoja wa Raia wa Meru ukachanga fedha, nyumba kwa nyumba, na mwaka 1952 katibu wake, Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mtu mweusi wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, wakaipeleka kesi Umoja wa Mataifa. Ule mlango uliofunguliwa mwaka 1946, hakuna Mwafrika wa Tanganyika aliyekuwa amewahi kuupita kwa miguu yake mwenyewe hadi siku hiyo. Nyerere aliupita mwaka 1955, njia ikiwa imeshakanyagwa. Kamati ya Umoja wa Mataifa ilipitisha azimio la kutaka Wameru warudishiwe ardhi. Lilipofika kwenye Baraza Kuu lilikosa theluthi mbili za kura zilizohitajika.

Mzee anaihesabu safari ile kuwa ushindi mtupu. Hoja yake ni kwamba Mwingereza alilazimishwa kujieleza hadharani kuhusu kinu cha mama yao, na tangu siku hiyo kila mkoa wa Tanganyika ukajua kwamba inawezekana. Nikamwambia lakini mzee, azimio lilianguka, na ng'ombe waliokufa njiani walikufa. Dada yake akawa upande wangu. Alisema fedha walizochanga zingesomesha kijiji kizima, na kwamba wanaume walipenda sana habari za New York kwa sababu si wao waliokuwa wakipika barabarani. Mzee akaapa kwamba hata yeye alipika. Dada akauliza, alipika nini? Tulikuwa bado hapo, kila mmoja ameshika lake, wakati dereva wa gari lililopakia matenga ya nyanya alipopiga honi na kusema anayekwenda Usa River apande sasa hivi, lingine ni kesho.